Printa ya kelele ambayo bado haijastaafu

UKISIMAMA kwenye dirisha la karani katika ghala la bidhaa, iwe ni Eneo la Viwanda jijini Nairobi au karibu na bandari ya Mombasa, kuna sauti ambayo huenda ukaisikia kabla ya lori kuruhusiwa kutoka langoni. Ni mkwaruzo mkali, zzzrt-zzzrt, kama mtu anayechana kitambaa kigumu bila kuchoka. Karani ananyofoa karatasi yenye vitundu pembeni, anaitenganisha mara tatu: nakala nyeupe ni ya mteja, ya waridi ni ya dereva, ya manjano ni ya bawabu. Lori linaondoka.

Kijana aliyezoea printa za kimyakimya za saiba ya mtaani atadhani mashine hiyo ni mabaki ya enzi za babu yake. Inaitwa doti matriksi. Kumbe ingali ikitengenezwa na kuuzwa ikiwa mpya kabisa, na mara nyingi bei yake hushinda ile ya printa ndogo ya leza. Sasa jiulize: kampuni yenye wahasibu wanaohesabu hadi shilingi ya mwisho itoe pesa zaidi inunue mashine yenye kelele, isiyo na rangi, yenye herufi za vitone-vitone. Kwani wao ni wajinga?

Si wajinga. Jibu lake linamfaa sana kijana anayepanga kufungua saiba kwa mtaji mdogo aliochangiwa na mama na wajomba, au yule aliyepelekwa mafunzo ya nyanjani katika idara ya kompyuta na kuambiwa siku ya kwanza, "Hebu angalia hii printa imekataa." Wengi hununua printa kwa kutazama bei iliyobandikwa kwenye boksi, halafu miezi mitatu baadaye mashine imewala mtaji wote.

Waliosoma somo la Kompyuta shule ya upili walikariri kwamba kuna printa zinazogonga karatasi na zisizogonga. Wakafanya mtihani, wakasahau. Ni bahati mbaya, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo.

Chukua ukurasa wowote uliochapishwa, uutazame kwa kioo cha kukuzia. Karibu kila mara utaona vitone. Herufi, picha, nembo ya kaunti, sahihi ya chifu iliyoskaniwa, vyote ni vitone vilivyokaa karibu karibu hadi jicho likadanganyika. Kinachotenganisha printa moja na nyingine ni namna kitone kinavyofika kwenye karatasi. Kuna kinachogongwa, kinachorushwa kama tone la maji, kinachopakwa kama unga kisha kuokwa, na kuna kinachochomwa. Ukijua kitone kimefikaje, unaweza kukisia gharama ya ukurasa, kama utalowa mvua na kusomeka, na kama utakuwa bado na maandishi baada ya mwaka mmoja.

Tuanze na kinachogongwa.

Sindano, utepe na kipigo

Fungua kifuniko cha doti matriksi uitazame ikiwa imezimwa. Utaona rola nyeusi ya mpira ambayo karatasi inapita juu yake. Mbele ya rola kuna kichwa kidogo kinachoteleza kwenye chuma kutoka kushoto kwenda kulia, kikivutwa na mkanda na mota. Kati ya kichwa na karatasi kuna utepe wa nailoni uliolowa wino, ndugu wa ule uliokuwa kwenye taipureta.

Siri iko ndani ya kichwa. Humo mmepangwa sindano nyembamba za chuma, kwa kawaida tisa au 24. Kila sindano ina sumaku yake ya umeme, yaani waya uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Umeme ukipita kwenye waya, chuma kinageuka sumaku na kuvuta kijimkono kidogo kinachoisukuma sindano mbele. Sindano inaugonga utepe, utepe unaigonga karatasi, na karatasi inagota kwenye rola. Kitone kimoja kimepatikana. Umeme unakatwa, springi inairudisha sindano nyuma, na iko tayari kugonga tena. Katika baadhi ya vichwa mambo ni kinyume: sumaku ya kudumu ndiyo inayoishikilia springi ikiwa imekunjwa kama mtego, na umeme ukipita unaifuta nguvu ya sumaku hiyo ili springi ifyatuke. Matokeo ni yale yale.

Vipi kitone kinakuwa herufi? Tuseme tunataka T kubwa, na tunatumia sindano saba zilizopangwa wima, kama ilivyokuwa katika printa za mwanzo. Kichwa kinapofika safu wima ya kwanza, sindano ya juu kabisa pekee inagonga. Safu ya pili, vivyo hivyo. Safu ya tatu, zote saba zinagonga kwa mkupuo. Safu ya nne na ya tano, ile ya juu tena. Vitone 11, na T imesimama kwenye karatasi. Kisha inaachwa nafasi ya safu moja tupu kabla ya herufi inayofuata.

Kompyuta yenyewe haikutuma picha ya T. Ilituma namba tu: 84, ambayo ndiyo T katika orodha ya ASCII. Printa ndiyo inayojua, kutoka kwenye kumbukumbu yake, kwamba 84 maana yake ni sindano hizi na hizi. Ndiyo sababu mfumo wa zamani wa bohari, ule wa skrini nyeusi na maandishi ya kijani, unaweza kuitoa risiti mara moja. Lakini ukichukua PDF yenye nembo na picha ukaituma kwenye doti matriksi hiyo hiyo, inachorwa mstari kwa mstari, na una muda wa kwenda kununua chai.

Piga hesabu kidogo. Printa inayotoa herufi 200 kwa sekunde, kila herufi ikichukua safu sita pamoja na ile tupu, inapita safu 1,200 kila sekunde. Kwa kila safu, mashine inaamua ni sindano gani ipige na ipi itulie. Mkwaruzo ule unaoudhi masikio ni mamia ya nyundo ndogo zinazopiga haraka kiasi kwamba sikio linashindwa kuzitenganisha. Kazi hiyo huzaa joto, ndiyo maana kichwa kina mapezi ya chuma kama injini ya pikipiki. Usikiguse baada ya kuchapa kwa muda mrefu.

Kwenye kichwa cha sindano tisa, vitone hupishana kwa sehemu 1 ya 72 ya inchi. Nafasi hiyo inaonekana kwa macho, na ndiyo sababu herufi zinafanana na shanga. Ili kuzirembesha, printa inaweza kuupita mstari mmoja mara mbili, karatasi ikisogezwa kidogo mno katikati ili vitone vya raundi ya pili vizibe mapengo ya raundi ya kwanza. Inapendeza zaidi, lakini kasi inapungua. Kichwa cha sindano 24 kinatatua shida hiyo kwa sindano nyembamba zaidi zilizopangwa kwa kupishana, hivyo vitone hulaliana.

Mashine hizi si za jana. Kampuni ya Centronics ya Marekani iliuza moja ya za kwanza mnamo 1970, ikiwa na sindano saba. Mwaka wa 1980 Epson ya Japani ikatoa MX-80 yenye sindano tisa, ikapendwa kiasi kwamba IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi mwaka wa 1981, printa iliyouzwa nayo ilikuwa MX-80 iliyobandikwa jina la IBM. Lugha ya amri ambayo Epson iliitumia kuzungumza na printa zake iliigwa na wapinzani wake, na hadi leo doti matriksi nyingi zinaielewa. Hiyo ndiyo sababu programu ya uhasibu iliyoandikwa miaka mingi iliyopita inaweza kuunganishwa na printa mpya leo na ikafanya kazi.

Kile ambacho leza haiwezi

Turudi kwa karani wetu na karatasi zake tatu. Karatasi zile kwa kweli zimeshikanishwa pamoja kama seti. Wachapishaji wa River Road huziita NCR, jina lililotokana na kampuni ya Marekani iliyozibuni miaka ya 1950. Mgongo wa karatasi ya juu umepakwa vifuko vidogo mno vyenye kemikali, na uso wa ile ya chini una kemikali nyingine. Vifuko vikipasuliwa kwa kugongwa, kemikali zinakutana na alama inatokea. Hakuna kaboni ya kuchafua vidole.

Lakini lazima zigongwe. Ukichukua seti hiyo ukaipitisha kwenye printa ya wino, wino utatua kwenye karatasi ya kwanza na kuishia hapo. Leza nayo haina kipigo. Bila shaka unaweza kuchapa ukurasa mmoja mara tatu kwa leza, na kampuni nyingi hufanya hivyo. Ila hapo kuna tofauti ambayo mkaguzi wa hesabu anaijali: nakala tatu zilizogongwa kwa mpigo mmoja haziwezi kutofautiana. Kama ya juu inasema magunia 200, ya chini haiwezi kusema 180. Ukichapa mara tatu, kuna mwanya wa mtu kubadilisha namba katikati. Mahali ambapo dereva, bawabu na mteja hawaaminiani, kipigo kimoja ni ushahidi.

Benki nazo zilikuwa na matumizi ya ujanja zaidi. Namba ya siri ya kadi ya ATM ilichapwa ndani ya bahasha iliyokwisha kufungwa. Utepe wa wino uliondolewa, sindano zikagonga bahasha kwa nje bila kuacha maandishi ya kusomeka, na kaboni iliyokuwa ndani ikaandika namba pale ambapo hakuna mfanyakazi angeweza kuiona. Jaribu hilo kwa leza.

Jikoni pia kuna kisa. Katika mikahawa mikubwa, agizo lako linatokea kwenye kiprinta kidogo kando ya mpishi. Ungedhani wangetumia ile ya risiti za kaunta, isiyo na kelele. Tatizo ni kwamba karatasi ya kaunta hubadilika kuwa nyeusi ikipata joto, na jikoni kuna nini kama si joto? Kwa hivyo wengi huweka kiprinta cha sindano tisa chenye utepe wa rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Kelele yake nayo ni faida, kwa sababu mpishi anajua agizo limeingia hata akiwa amegeukia jiko.

Wazo hili la kugonga ndilo pia linaloendesha mashine za kuchapa breli kwa wasioona. Hizo hazihitaji wino hata kidogo. Sindano inagonga karatasi nene hadi kitone kinavimba, na kidole kinasoma.

Wino, unga na joto

Printa nyingine tatu zinaeleweka haraka ukishaielewa hii ya kwanza.

Inkijeti, yaani printa ya wino, hurusha matone madogo mno kutoka kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Baadhi hutumia joto: kijipasha-moto kidogo kinachemsha wino kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kiputo kinatokea, na kiputo kinasukuma tone nje. Inasemekana watafiti wa Canon waligundua njia hiyo mwaka wa 1977 pale chuma cha moto cha kulehemu nyaya kilipogusa kwa bahati sindano ya bomba lililokuwa na wino, wino ukaruka. Epson walifuata njia nyingine, ya kipande kinachojikunja umeme ukipita na kuukamua wino bila kuupasha moto. Inkijeti ni bingwa wa rangi na picha. Ubaya wake ni kwamba wino hukauka kwenye vitundu printa ikikaa bila kazi, kuisafisha kunakula wino zaidi, na wino wa kawaida wa rangi hukimbia karatasi ikilowa.

Leza haina wino kabisa. Ile tona ni unga wa plastiki. Kumbuka jaribio la shule ya msingi: unasugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, kisha inavuta vipande vya karatasi. Leza hufanya hivyo hivyo. Kuna ngoma inayochajiwa umeme tuli, mwali wa leza unachora ukurasa juu yake kwa kuondoa chaji mahali pa vitone, unga unanata hapo, unahamia kwenye karatasi, kisha karatasi inapita kati ya rola zenye joto la karibu nyuzi 200 na unga unayeyuka na kushika. Ndiyo maana ukurasa wa leza hutoka ukiwa na joto. Mmarekani Chester Carlson alionyesha kwamba picha inaweza kunaswa kwa umeme tuli mwaka wa 1938, na mhandisi Gary Starkweather wa Xerox ndiye aliyeweka mwali wa leza ndani ya mashine ya aina hiyo. Kwa mtu wa kawaida, leza ilifika mezani HP ilipotoa LaserJet mwaka wa 1984.

Rola zile za joto zina jambo moja la kuzingatia nchini ambako stima hupotea bila kubisha hodi. Zinapopashwa moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Usichomeke leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, utaiua. Doti matriksi haina shida hiyo, na inkijeti hutumia umeme kidogo.

Mwisho ni ya joto, ile ya risiti za supamaketi, vituo vya mafuta na mashine nyingi za ETR. Haina utepe, haina wino, haina tona. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikichomwa na vipasha-moto vidogo. Ni nafuu, haina kelele, na haiharibiki ovyo. Ila kile kilichoandikwa kwa joto hufutwa na joto. Iache risiti kwenye dashibodi ya matatu kwa wiki chache uone. Hili si suala la utani kwa kijana mwenye biashara, kwa sababu sheria ya ushuru inamtaka ahifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Risiti ya televisheni yenye waranti ya miaka miwili nayo inaweza kuwa karatasi tupu siku unayoihitaji. Ipige picha kwa simu siku unayopewa, au uitoe fotokopi.

Sh10 inakwenda wapi?

Sasa tuje kwenye mfuko. Saiba nyingi hutoza Sh10 kwa ukurasa wa nyeusi na nyeupe. Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu. Nenda Luthuli ukaulize za wiki hii, kisha uweke zako.

Tuseme umeona printa ya inkijeti ya katriji kwa Sh6,000. Bei tamu. Katriji yake ni Sh1,800 na inatoa kurasa 150. Gawanya: Sh12 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500 ni Sh600, kwa hivyo karatasi moja ni Sh1.20. Umetumia Sh13.20 ili upate Sh10. Kila mteja anayeingia na wasifu wake wa kuomba kazi anakutia hasara ya Sh3.20, na wakija wengi zaidi ndipo unaumia zaidi. Wanafunzi 100 wakija siku moja kuchapa barua zao za kujiunga na chuo, umepoteza Sh320 na jasho juu. Na hapo hatujataja kodi ya chumba.

Sasa chukua printa ya tangi, ile unayomiminia wino kutoka kwenye chupa, kwa Sh25,000. Chupa ya Sh1,500 inatoa kurasa 4,000. Hiyo ni chini ya senti 40 kwa ukurasa. Ongeza karatasi, umetumia kama Sh1.60. Unabaki na Sh8.40. Kwa kurasa 100 kwa siku, zile Sh19,000 ulizoongeza zinarudi kwa siku 23 hivi. Kwa kweli printa hizi za tangi zilizaliwa kutokana na ujanja wa watu wa kawaida. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka wa 2010, ambako mafundi tayari walikuwa wakitoboa printa na kuziunganisha na chupa za wino kwa mipira ili kukwepa bei ya katriji.

Angalia pia kile kinachoandikwa kwenye boksi la tona, kwamba inatoa kurasa kadhaa. Hesabu hiyo kwa desturi huchukulia kwamba wino umefunika takribani asilimia tano tu ya ukurasa, yaani barua fupi ya kawaida. Programu ya mazishi yenye picha kubwa ya marehemu na maua pande zote haiko katika hesabu hiyo. Itoze bei yake.

Na doti matriksi? Utepe wa Sh700 unaotoa herufi milioni nne, kwa kurasa zenye herufi 2,000 kila moja, unakupa kurasa 2,000. Senti 35. Isitoshe, utepe hauishi ghafla kama katriji. Unafifia polepole, unakupa siku kadhaa za kutafuta mwingine. Lakini usikimbilie kuiweka saiba. Hakuna anayetaka wasifu wake uonekane kama tiketi ya mizani ya lori, na ile karatasi ya seti tatu ni ghali kuliko rimu ya kawaida. Mahali pake ni kwa mwenye bohari, mwenye duka la jumla, muuza saruji, kampuni ya kusafirisha mizigo. Huko ndiko kuna nafasi ambayo vijana wengi hawaioni. Mafundi wa leza na inkijeti ni tele. Wanaojua kurekebisha kichwa cha sindano ni wachache, na mwenye bohari ambaye malori yake yamekwama langoni hana muda wa kubishana bei.

Ukitaka kujifunza kazi hiyo, anza na makosa yanayorudiwa kila siku. Kando ya kichwa kuna kiwiko kidogo chenye namba. Hicho hupanga umbali kati ya kichwa na rola. Karatasi moja, namba ya chini. Seti ya nakala nne, namba ya juu. Karani asipokigusa, sindano zinasukumwa kwenye karatasi nene bila nafasi ya kurudi, na zinakunjika au kuvunjika. Utepe uliochakaa hadi ukatoboka nao huzinasa. Kuna pia wale wanaoongeza uhai wa utepe kwa kuulowesha wino wa mhuri. Waambie waache. Wino wa utepe una mafuta yanayolainisha sindano, na ule wa mhuri haukukusudiwa kazi hiyo. Baada ya muda sindano zinakwama, na kichwa kipya kinagharimu kuliko tepe kumi.

Na ukienda kununua iliyotumika, kwa maana nyingi hutoka katika ofisi zilizofungwa, usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka tu. Katika printa nyingi za aina hii, ukishikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku ukiiwasha, inajichapia ukurasa wa majaribio bila kompyuta. Tazama herufi. Ukiona mstari mweupe umezikata zote katika urefu ule ule, sindano moja imekufa. Kagua tundu la nyuma: kama ina lile pana la zamani pekee na haina USB, utahitaji waya wa kubadilishia, na si kila waya hufanya kazi. Zungusha rola kwa mkono uone kama meno yanayoshika vitundu vya karatasi bado yapo yote pande mbili. Muulize muuzaji utepe wake unapatikana duka gani.

Kisha toa mfukoni seti ya karatasi tatu uliyobeba kutoka nyumbani, uipitishe, na usiangalie ya juu. Nyofoa ile ya tatu, ya manjano. Kama unasoma kila namba bila kukodoa macho, anza kuongea bei.